Kanyere na Picha za Mbabula

Mtaani Bigo, mjini Bunia, watu walimjua Kanyere kwa sababu ya pazia lake. Lilikuwa pazia kubwa la kitambaa, limechorwa mlima, maporomoko ya maji, na ndege moja iliyoruka chini sana, karibu igonge mlima. Ulisimama mbele yake, ukakaza shingo, ukaangalia mbele kama mtu aliyeitwa na mwalimu, na Kanyere akakupiga picha. Hakuna aliyecheka kwenye picha. Hakuna aliyekuja na nguo ya kazi. Watu walioga, wakajipaka mafuta, wakavaa kile walichovaa kanisani, na asiye na viatu aliazima vya jirani. Ndivyo picha ilivyokuwa Bunia, na Kanyere hakujua picha ya namna nyingine.

Alikuja Bunia angali msichana, kutoka upande wa Butembo, kumsaidia mjomba wake Gustave. Kazi yake ilikuwa kuosha karatasi za picha kwenye mabeseni na kuzianika kwenye kamba kama soksi. Mjomba hakumfundisha kitu kingine. Lakini yule msichana alikuwa na macho, na mtu mwenye macho akikaa miaka karibu na kazi, kazi inamwingia. Vita vilipofika katikati ya mji, Gustave alipanda lori akarudi Beni. "Utakuja nyuma yangu," akamwambia. Kanyere hakwenda. Alibaki na aparei ya picha, pazia, na betri ya gari iliyowasha taa ya chumba cha giza.

Mwanzo walimcheka. Mwanamke na aparei! Baadaye wakapiga mstari mlangoni, maana vita havikupunguza hamu ya picha, viliizidisha. Mtu aliyekimbia Djugu na sufuria kichwani, akafika mjini bila hata picha moja ya mama yake, alijua vizuri kitu alichoacha ndani ya moto.

Mwaka ule wa 2004, askari wa kigeni wenye kofia za buluu walikuwa wakizunguka mjini, na katikati ya Bunia soko lilikuwa limerudi. Lakini ukipita nyumba za mwisho za Mudzipela, mtaa wa pembeni ya mji, bunduki zilikuwa bado zinasema. Karibu na uwanja wa ndege kulikuwa na kambi, shitingi, zile turubai za plastiki, kutoka huku mpaka kule, zimejaa familia za wakulima. Chakula kidogo waligawiwa. Kuni hawakugawiwa. Kwa hiyo wamama walikuwa wanajifunga kamba kiunoni asubuhi, wanashika panga, wanaingia porini. Wengine walirudi na mzigo. Wengine walirudi hawataki kusema kitu. Wengine hawakurudi.

Siku moja mwanamke mnene, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka shingoni, alisimama mlangoni pa Kanyere.

"Njo weye Kanyere wa foto?"

"Njo miye, mama. Karibu."

"Nimeisha karibia, siyo? Niko Gertrude. Siye wamama wa Mudzipela, tunatengeneza mbabula."

Mbabula ni jiko la makaa, ambayo Bunia wanayaita makala, na hakuna nyumba Bunia isiyokuwa nalo. Lakini lile la kawaida ni la chuma, na chuma kinatapanya moto pande zote. La Mama Gertrude na wenzake lilikuwa la udongo uliochanganywa na majivu na majani makavu yaliyokatwa-katwa. Kuta zake zilikuwa nene, tundu zake ndogo. Konzi mbili za makala ziliivisha maharagwe. Na hata makala yenyewe walikuwa wanayafinyanga kwa vumbi la makala lililobaki sokoni na maganda ya ndizi, wakayakausha juani, bila kuangusha mti hata mmoja.

"Biro ya msaada wanataka kugawa mbabula mu kambi," akasema Gertrude. "Tumepeleka moja, iko pale ku baraza yao. Sasa shefu anasema moja inaweza kutengenezwa na mutu yoyote. Anataka kuona kama ni kazi ya kweli, kama watu wako, kama tunaweza kutosheleza kambi. Lakini hawamuruhusu kuacha barabara kubwa. Mudzipela hawezi kuingia. Njo wanasema, basi muniletee foto."

"Lini?"

"Ijumaa anapanda ndege ya Kinshasa. Kama hajaona kitu, wataagiza za chuma Kampala, imekwisha."

"Na za chuma, ubaya wake ni nini?"

Gertrude akamwangalia kama mtu anayetafuta ajibu kwa sauti gani.

"Inakula makala kama mbuzi mu shamba ya watu. Mama wa kambi ataipokea, atafurahi, kesho atafunga kamba atarudi mu pori. Miye nilikuwa nakwenda kule na dada yangu, tuko wawili. Miye nilirudi."

Kanyere akaichukua aparei. Akaangalia namba yake ya hesabu: filme, ule mkanda wa picha, ilikuwamo, ya mwisho mle nyumbani. "Kesho asubuhi," akasema.

Kesho yake akafika Mudzipela na aparei shingoni na pazia limekunjwa begani. Akakuta uwanja umefagiliwa mpaka unang'aa. Wamama wote walikuwa wameoga. Vikwembe vya Jumapili, vile vitenge vizuri, nywele zimesukwa upya, vitambaa vimesimama kichwani kama taji. Udongo ulikuwa umesukumwa kando, na mbabula zote zimefunikwa shitingi, mgeni asione uchafu. Jozi moja ya viatu vya kisigino ilikuwa inazunguka kutoka mguu hadi mguu.

"Gentille, vua haraka, zamu yangu!"

"Mguu yako itavipasua, Adèle. Mguu kama muhogo!"

"Lete nikuonyeshe muhogo!"

Kanyere alipenda aliyoyaona. Akatundika pazia kwenye ukuta, akampanga kila mmoja, akanyoosha kola, akafuta jasho puani. Akapiga mmoja mmoja, kisha wawili wawili, kisha wote pamoja, Mama Gertrude katikati, mikono juu ya mapaja. Filme ikaisha. Akarudi Bigo anatembea kama mtu aliyeshiba. Alipoosha picha, zikatoka safi, kila jicho linaonekana, kila ua la kikwembe.

Kwenye biro, ofisi ile ya msaada, alipokelewa na Félicien, kijana wa palepale Bunia aliyefanya kazi kwa shefu, shati limenyooshwa. Hakuwa mtu mbaya. Alizipanga picha mezani, akazitazama kwa muda, kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Mama Kanyere, hii mariaji, hii ndoa, ni ya nani?"

"Ya nani tena? Njo wamama wa mbabula."

"Na mbabula iko wapi?"

Kanyere akainama juu ya meza. Akatafuta. Nyuma ya Adèle, mahali pazia lilipoishia, kulikuwa na kitu kimevimba chini ya shitingi.

"Ile pale."

"Ile? Miye nilizani ni mbuzi amelala."

Kisha Félicien akaacha kucheka, kwa sababu aliona uso wa mwenzake. "Yaya," akasema, kama mtu anayemwita dada mkubwa, "sikia. Shefu akiona hizi, atasema, wamama wazuri, wanene, hawana lazima ya kitu. Anataka kuona udongo. Anataka mikono. Tangu mwanzo mpaka moto. Uniletee Alhamisi, nitaingiza kwake mimi mwenyewe."

Kanyere alikusanya picha zake moja moja. Njiani hakumsalimia mtu. Kilichomchoma hakikuwa kicheko cha Félicien. Alikuwa amepita palepale kwenye udongo, amekanyaga majivu ya tanuru la kuchomea mbabula, ameona mbabula zimelala chini ya shitingi kama watoto, na jicho lake halikuona kitu cha kupiga. Miaka yote ile ya kutazama! Akajiambia: nitarudia, hata kama ni kutambaa.

Alipowaeleza wamama, uwanja ulilipuka.

"Nipigwe na udongo? Jamais, hata siku moja!" akapiga kelele Adèle.

"Watu wa kwetu wakiona watasema nimekuwa wazimu," akasema Gentille.

Gertrude peke yake hakupiga kelele. Alikaa juu ya gunia, akasema polepole: "Kanyere, ile siku tulifika mu kambi, kabla ya kuhamia hapa, kulikuwa muzungu mumoja na aparei kubwa kama bunduki. Miye nilikuwa na kikwembe kimoja tu, na kimepasuka. Nilikuwa nimepiga magoti mu matope, nanywesha mutoto wa dada yangu maji na kifuniko ya chupa. Akanipiga foto. Hakuniuliza jina. Akageuka, akapiga mwingine. Ile foto leo iko wapi? Pengine iko ku ukuta ya watu, wanakula, wananiangalia. Tangu ile siku nilisema, mutu akitaka foto yangu, nanawa kwanza."

Hapo Kanyere akaelewa kwa nini uwanja ulifagiliwa vile. Alitafuta namna ya kufanya.

"Tufanye hivi," akasema. "Nitapiga kazi. Nitaosha. Lakini hakuna foto itafika ku biro kabla hamujaiona. Kila mumoja ataangalia yake. Ile mwenyewe anakatala, haitoki. Naiweka mu moto mbele ya macho yake."

"Hata kama njo nzuri kupita zote?" akauliza Adèle.

"Hata."

"Apa."

"Haki ya Mungu mwenye ananiona saa hii."

Wamama wakaangaliana. Gertrude akainua bega moja. Kwa Gertrude bega moja lilikuwa ndiyo.

Basi ikabaki filme. Mjomba Gustave alikuwa amemtumia filme na karatasi kutoka Beni, ndani ya lori la dereva Kasereka, na lori lilikuwa limekwama Komanda kwa sababu barabara ya kuja Bunia haikuwa na usalama. Pikipiki zilipita, malori hapana. Kanyere akaenda kwa Aimé, mwenye pikipiki ya moto-taxi kwenye kona ya soko.

"Komanda?" Aimé akashika kichwa. "Mama, umechoka kuishi?"

"Nimechoka kukaa. Washa."

Wakaondoka alfajiri. Komanda walimkuta Kasereka amelala chini ya lori lake, redio kifuani. Akatoa kifurushi bila hata kuamka vizuri. Kanyere akafungua kitambaa cha kichwa, akapanga vikopo vya filme katikati ya nywele, akafunga tena vizuri. Karatasi akazivaa tumboni chini ya kikwembe, bado zimefungwa ndani ya plastiki yake nyeusi. Aparei ilikuwa kwenye kikapu, maana Bunia ya wakati ule kitu ulichokiacha nyumbani hukukikuta.

Walipokuwa wanarudi, kamba ilikuwa imevutwa katikati ya barabara. Vijana wakatoka kwenye majani, mmoja na miwani ya jua, mwenye bunduki ndefu kuliko wenzake.

"Shuka. Kikapu iko na nini?"

"Ndizi, mukubwa. Na aparei."

Yule wa miwani akaitoa aparei, akaigeuza-geuza. Aimé akaanza kutoka jasho kama mtungi mpya. Lakini kijana alikuwa anacheka.

"Aaah! Mupiga foto! Basi utupige."

Kanyere alijua mambo mawili kwa mara moja. Akiitoa filme kichwani, wataichukua yote. Akisema haina filme, wataivunja aparei kwa hasira. Akaichukua mikononi, akaifuta kioo kwa ncha ya kikwembe, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Musimame vizuri. Siyo vile. Weye murefu, nyuma. Kola."

Na wale vijana waliotisha barabara nzima wakasimama, wakakaza shingo, wakaangalia mbele kama wameitwa na mwalimu. Kanyere akabonyeza. Aparei tupu ikalia *klak*. Akabonyeza tena, asionekane amefanya haraka.

"Lete sasa."

"Haitokei hapa, mukubwa. Inaoshwa na dawa mu nyumba ya giza."

"Utatuletea lini?"

"Barabara ikifunguka."

Kijana akafikiri. Kisha akainama karibu na sikio lake: "Andika jina ya kila mutu nyuma. Usichanganye yangu na ya huyu, huyu sura yake ni mubaya."

"Nani mubaya? Weye na pua kama kiatu!" akalia mwenzake, na wote wakacheka, na kamba ikashuka.

Aimé aliendesha mbio mpaka wakavuka vilima viwili. Kisha akapaza sauti juu ya kelele ya pikipiki: "Weye mwanamuke! Siku watajua?"

"Siku ile waweke bunduki chini, waje Bigo. Nitawapiga kweli kweli, na pazia yangu."

Jumatano asubuhi akafika Mudzipela mapema. Hakuinua aparei. Alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, akaangalia. Wamama walikuwa wamevaa nguo za kazi, lakini kila alipogeuza kichwa, mmoja alinyoosha kitambaa, mwingine alisimama wima, mikono kando.

"Unalinda nini pale, mama, kuku?" akauliza Adèle.

Kanyere akaona hivyo haitafaa. Akatundika aparei kwenye msumari, akavua viatu, akaingia kwenye shimo la udongo. Udongo ulikuwa baridi, unavuta mguu kama mtoto asiyetaka uondoke. Wakakanyaga pamoja. Alipoteleza akakaa chini puu, kicheko kilisikika mpaka barabarani, na Gentille akamvuta kwa mkono akisema, "Tantini, shangazi wa foto, hapa hapana pazia!" Wakamwaga majivu, wakakanyaga tena. Jua lilipopanda, hakuna aliyekuwa anamkumbuka. Ndipo aliponawa mikono, akaichukua aparei.

Akapiga picha ya miguu, mingi, imeingia udongoni mpaka vifundo, huwezi kujua ni ya nani. Akapiga mkono wa Adèle ndani ya mbabula, unalainisha ukuta kwa kipande cha kibuyu. Akapiga kisu kinachokata mlango wa majivu. Akapanda juu ya gogo, akapiga mbabula zilizopangwa kivulini kukauka, mstari nyuma ya mstari, mpaka kwenye uzio na nyuma ya uzio. Akapiga Gentille akifinyanga makala ya maganda, viganja vyeusi vimefunguka kama anaomba.

Na mwisho akapiga Mama Gertrude. Gertrude alikuwa amechuchumaa kupuliza moto wa kujaribia, sufuria ya maharagwe inatokota juu, mbabula zote zimejipanga nyuma yake. Adèle akasema mzaha fulani kuhusu mume wa mtu. Gertrude akacheka, akarudisha kichwa nyuma, kitambaa kikalegea, na Kanyere akabonyeza.

Picha ile ilipotokea ndani ya beseni la dawa, kwenye chumba cha giza, Kanyere akaiinamia. Kila kitu kilikuwa mle. Moto, udongo, wingi wa mbabula, na mwenye kazi anacheka katikati ya kazi yake. Hata kama shefu angeona hiyo moja peke yake, ingetosha. Akaianika mbali na zingine, isiguswe.

Alhamisi, kabla ya biro kufunguliwa, wamama walikaa duara uwanjani na picha zikapita mkononi. Ile ya miguu ilileta ugomvi, kila mmoja anadai mguu mzuri ni wake. Adèle aliangalia mkono wake kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe niko na mukono," kisha akaogopa wenzake wasimcheke. Hakuna aliyekataa. Ikabaki ya Gertrude.

Aliishika kwa ncha za vidole. Wamama wakaegemea mabega yake. "Mama, hii! Hii njo yenyewe!" Lakini Kanyere alikuwa anamwangalia yeye, na akaona kidole chake kinapita juu ya karatasi, kutoka sikio kwenda begani. Pale kitambaa kilipolegea, kovu lilionekana lote, refu, la panga.

"Hii hapana," akasema Gertrude.

Wamama wakajiondoa mabegani mwake.

"Yaya," akaanza Adèle, "lakini bila hii—"

"Nimesema hapana. Hii siyo ya watu."

Kanyere alifungua mdomo. Angeweza kusema mambo mengi, na yote ya kweli. Kwamba shefu anaondoka kesho. Kwamba wamama wa kambi wako njiani saa ile ile, kamba kiunoni. Kwamba kovu haliaibishi mtu. Akaufunga mdomo. Aliichukua picha, akaiweka ndani ya mbabula iliyokuwa inawaka mbele yao. Karatasi ikajikunja, ikawa nyeusi, ikaenda.

"Foto iko na mama yake," akasema Gertrude, bila kuinua macho. "Ile ndogo nyeusi."

"Ninayo." Kanyere akaitoa filme mfukoni, akakata kile kipande kilichoizaa ile picha kwa mkasi, akakitia motoni pia. Kikanuka vibaya. Gertrude akakiangalia mpaka kikaisha. Kisha akafunga kitambaa chake upya, akasimama.

"Sasa ongoza njia. Tunaenda wote wawili."

Shefu wa biro alikuwa mwanamke mrefu kutoka ng'ambo, miwani imepandishwa kwenye nywele, masanduku yake tayari mlangoni. Hakujua Kiswahili, Félicien alitafsiri. Alipanga picha mezani kwa mstari. Akairudia ile ya miguu. Ile ya mbabula zilizopangwa kivulini akaileta karibu na dirisha, akaanza kugusa karatasi kwa kalamu, akapotea hesabu, akaacha.

"Anauliza," akasema Félicien, "hizi zote ni za kwenu?"

"Za nani tena?" akajibu Gertrude. "Na za nyuma ya nyumba hakuziona bado."

"Anauliza, mbona hakuna foto ya mukubwa wa kazi?"

Gertrude akagusa kitambaa chake shingoni. Kanyere akajibu yeye: "Ilikuwako. Tumeichoma."

Félicien akamgeukia, macho yamemtoka. "Niseme hivyo kweli?"

"Sema vile nimesema. Mwenyewe hakupenda itoke. Mukubwa wa kazi iko hapa, amekaa mbele yake. Amuulize anachotaka."

Félicien akatafsiri, sauti yake inashuka mwishoni. Shefu akaweka kalamu chini. Akamwangalia Gertrude, na safari hii hakuiangalia meza tena. Akauliza kuhusu udongo: unatoka wapi, mvua ikinyesha wanaukausha vipi, ikipasuka wanafanya nini. Gertrude alijibu kila kitu, kwanza mikono imefungwa, baadaye mikono inaruka hewani, anafinyanga mbabula ambayo haikuwepo. Masanduku yakasubiri. Mwisho shefu akasema maneno mafupi.

"Anasema hii: za Kampala zitangoja kwanza," akatafsiri Félicien. "Mutengeneze za mustari moja ya kambi, ule wa karibu na barabara, kabla hajarudi. Zikikaa vizuri bila kupasuka, mutaendelea. Zikipasuka, ataagiza chuma. Na anauliza kama anaweza kubakia na foto ya mukono, atundike ku ukuta."

"Hiyo ya kutundika siwezi kujibu," akasema Kanyere. "Nitaenda kumuuliza mwenye mukono."

Siku zilizofuata Kanyere alifunga studio mchana na kuifungua jioni. Mchana alikuwa Mudzipela. Kulikuwa na siku bunduki zililia ng'ambo ya kilima, wamama wakalala kifudifudi kati ya mbabula mbichi, na zilipotulia wakaamka, wakazikagua moja moja, kwanza mbabula, baadaye magoti yao. Mvua iliharibu tanuru moja zima. Gertrude alilia siku ile, kwa hasira, akapiga teke vigae, kisha akaamuru visagwe, virudishwe kwenye udongo mpya. Udongo uliochanganywa na vigae, wakaona, haukupasuka tena.

Siku ya kupeleka, walizipanga kwenye pusu-pusu, mkokoteni wa kusukuma, zimelala juu ya majani ya ndizi, wakazisukuma mpaka kambini wakiimba. Kwenye mstari ule wa karibu na barabara kulikuwa na mama mmoja kijana, kamba tayari kiunoni, panga mkononi, mtoto amemfungia jirani mgongoni. Wenzake walikuwa wanamwita kutoka njiani.

"Ngoja kwanza," Gertrude akamwambia. "Sufuria yako iko wapi?"

"Mama, nikichelewa jua itaniachia mu pori."

"Ngoja nimesema. Kidogo tu."

Akaweka mbabula mbele ya shitingi yake, akatia konzi mbili za makala ya maganda, akawasha. Yule mama hakukaa. Alisimama, mguu mmoja unaelekea barabarani, anatazama maji. Wenzake wakachoka kumwita, wakaondoka. Maharagwe yakaingia. Yakatokota. Watoto wakaja kuzunguka. Muda ukapita, na kila alipoinama kuchungulia chini ya sufuria, makala yalikuwa bado mekundu.

"Inakula nini hii?" akauliza.

"Vile umeona."

"Na kesho?"

"Kesho Gentille atakuletea makala ingine. Na wiki kesho atakufundisha kuifinyanga weye mwenyewe. Maganda ya ndizi haikosekani mu kambi."

Yule mama akaonja harage moja, akalipuliza, akalipasua kwa meno. Akafungua kamba kiunoni. Aliishika kwa muda, kama hajui itakaa wapi, kisha akaifunga kati ya mti wa shitingi yake na wa jirani, akaanza kuanika nguo za mtoto.

Kutoka mistari mingine, kule nyuma, wamama walikuwa bado wanatoka wawili wawili, panga mkononi, wanaelekea vilima. Gertrude aliwaangalia mpaka mgongo wa mwisho ukapotea.

"Adèle, ule udongo wa jana umelowa?"

"Umelowa, yaya."

"Basi tunangoja nini? Mustari ya pili hawana kitu."

Kanyere akashika mkono mmoja wa pusu-pusu, Adèle mwingine, wakaigeuza kuelekea Mudzipela.